Trekta Ikiishiwa Nguvu, Anza Kwenye Tangi

Mazungumzo haya yalitolewa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha kujisaidia cha Trans Nzoia, alipoalikwa kuongea na vikundi vingine vyenye trekta au vinavyofikiria kununua. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema, ila tumeyapunguza kidogo na kuyawekea vichwa.



Kwanza niseme wazi ili msinidhanie mtu mwingine: mimi si fundi. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharagwe kama ninyi. Katika kikundi chetu nimepewa kazi ya kutunza pesa na kuandika kitabu cha dizeli. Nimekuja kuwaeleza jinsi tulivyokaribia kupoteza msimu mzima wa kupanda, na jinsi tulivyomfukuza kijana asiye na kosa, yote kwa sababu ya kutu ndani ya tangi la mafuta. Halafu nitawaeleza yale tuliyofundishwa na mzee mmoja fundi. Mengi yake mtu wa kijijini mwenye spana mbili na chupa moja anaweza kuyafanya mwenyewe.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kina watu 24. Tulichanga kwa miaka mitatu tukanunua trekta ndogo iliyotumika, ya silinda tatu, pamoja na plau yake. Si trekta ya kujivunia barabarani, lakini kwa mashamba yetu ya ekari moja moja inatosha. Tulipatana ilime kwanza mashamba ya wanachama, kisha ikodishwe kwa majirani ili irudishe pesa.

Mwaka wa kwanza ilifanya kazi vizuri. Kazi ilipokwisha tukaiegesha kando ya stoo, ikakaa miezi kadhaa. Huku kwetu mvua kubwa huanza Machi au Aprili, na kila mkulima anajua kwamba mahindi yakichelewa kupandwa mavuno hupungua. Basi Machi tukaitoa.

Asubuhi iliwaka mara moja. Ikaenda shambani, ikalima kama nusu saa, kisha ikaanza kuchoka. Mlio ukashuka. Dereva akikanyaga klachi injini inapata nafuu. Plau ikiuma udongo tena, inalegea. Mwisho ikazima. Dereva akangoja dakika kumi, akawasha, ikawaka kana kwamba haijaugua! Ikalima mistari michache, ikazima tena. Siku hiyo ililima robo ekari. Siku ya pili vivyo hivyo. Majirani waliokuwa wametanguliza malipo wakaanza kubisha hodi kwangu, kwa maana pesa zao nilizipokea mimi.

Sasa sikizeni vile sisi binadamu tulivyo. Tuliitisha mkutano. Mmoja akasema dereva anauza dizeli usiku na kujazia mafuta ya taa. Mwingine akasema kijana huyu anapenda kivuli, ndiyo sababu trekta "inachoka" kila nusu saa. Mimi nikafungua kitabu changu, nikaonyesha kwamba lita zilizotumika hazilingani na ekari zilizolimwa. Hesabu yangu ilikuwa ya kweli, lakini maana niliyoipa haikuwa ya kweli. Injini iliyokuwa ikiwashwa na kuzima, ikinguruma kando ya shamba bila kulima, nayo ilikuwa ikila dizeli. Lakini nani alifikiri hayo?

Kijana alijitetea, akaniambia, "Mama, kuna kitu kinazuia mafuta. Nipeni ruhusa nifungue tangi." Hatukumsikiliza. Tukapiga kura kwa kuinua mikono, na mkono wangu uliinuka pamoja na ya wengine. Akaenda nyumbani bila mshahara wa mwezi huo. Kweli mnyonge hana haki.

Kisha tukaita fundi kutoka mjini. Alisikiliza mlio kwa dakika chache, akasema pampu ya injekta imekwisha, ing'olewe ipelekwe mjini. Pesa aliyotaja ilizidi akiba yote ya kikundi. Tulikuwa tayari kwenda kukopa.

MASWALI MATATU YA MZEE

Wiki hiyo baba mkwe wa mwenzetu mmoja alikuja kuwaona wajukuu. Ni mzee aliyetengeneza trekta za mashamba makubwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alipotukuta tumeizunguka trekta kama watu wa matanga, akauliza maswali matatu tu.

"Ikipumzika, inarudi na nguvu?" Tukasema ndiyo.

"Inapolegea, inatoa moshi mweusi?" Tukasema hapana, moshi ni kidogo tu.

"Filta ya dizeli mlibadilisha lini?" Hapo tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Mzee akasema, "Pampu ikichakaa, mara nyingi trekta husumbua hata kuwaka, hasa injini ikiwa moto. Hii yenu inawaka vizuri ikiwa moto. Na kama ingekuwa imezibwa hewa au imebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi, ingetoa moshi mweusi. Trekta yenu si mgonjwa. Trekta yenu ina njaa. Msianze kwenye pampu, anzeni kwenye tangi."

Halafu akatueleza kwa mfano wa birika la chai. Ukipika chai na majani yake, ukaanza kumimina, majani hufuata chai mpaka mdomoni mwa birika na kuuziba. Chai inatoka matone matone. Ukirudisha birika chini, majani yanatulia. Ukimimina tena, chai inatoka vizuri kwa muda mfupi, kisha inaziba tena. Magamba ya kutu ndani ya tangi hufanya hivyo hivyo. Injini ikivuta mafuta mengi wakati wa kulima, magamba husogea hadi kwenye tundu la kutokea. Injini ikizima, hakuna kinachovuta, yanaanguka chini. Ndiyo maana trekta "ilipona" kila ilipopumzika.

Basi akina mama, mtu akiwaambia trekta yenu inapona ikipumzika, mkumbuke birika.

FUATENI NJIA YA MAFUTA

Mzee alitufundisha kufuata mafuta kutoka nyuma kwenda mbele, kuanzia jambo lisilo na gharama. Zimeni injini, na mtu asivute sigara wala kuwasha moto karibu.

Kwanza, kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na vumbi au matope, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, na baada ya muda mafuta yanakataa kutoka. Trekta ikianza kulegea, simameni mlegeze kifuniko. Mkisikia "fyuu" ya hewa ikiingia na trekta ikapata nguvu, ugonjwa ni huo. Safisheni tundu hilo na kazi imekwisha. Yetu haikuwa hivyo.

Pili, glasi ya kunasia uchafu. Trekta nyingi ndogo zina kikombe cha kioo au plastiki chini ya tangi au chini ya filta. Fungeni koki, mfungue kikombe polepole, mmimine kilichomo ndani ya chupa safi inayoonyesha. Wacheni itulie. Dizeli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, na ya maji gramu 1,000. Kwa hiyo maji yatakaa chini na dizeli juu, na mpaka wao utaonekana kama mstari. Katika chupa yetu maji yalikuwa marefu kama vidole viwili, na chini yake kulikuwa na unga mwekundu kama udongo wa Kitale. Ukikuta pia utelezi mweusi kama ukungu, hivyo ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Navyo huziba filta.

Tatu, paipu ya kutoka kwenye tangi. Hapa ndipo tulipopata jibu. Ichomoeni kabla haijafika kwenye filta, muielekeze ndani ya chupa, mfungue koki. Kwa trekta ambayo tangi liko juu ya filta, mafuta yanapaswa kutoka kwa mfululizo, bila kukatika. Msitosheke na dakika moja, wacheni yatoke kwa muda. Yetu yalianza kwa nguvu, yakawa membamba kama uzi, yakawa matone. Mzee akachukua pampu ya baiskeli, akafungua kifuniko cha tangi, akapuliza kurudi nyuma kwa upole. Tukasikia mapovu ndani ya tangi, "blu-blu-blu". Alipotoa pampu, mafuta yakamwagika kwa nguvu kama mwanzo. Muda kidogo yakaziba tena. Ushahidi gani mwingine tulihitaji?

Hapa nionye. Usivute dizeli kwa mdomo, hata kama umeona wengine wakifanya. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kukuletea ugonjwa mbaya. Mtu akimeza, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Nne, filta. Ikiwa kutu imeonekana kwenye glasi, filta ya zamani haifai tena. Nunueni ya namba ile ile. Na kuna ujanja mmoja mbaya: kutoa filta kabisa au kuitoboa "ili njia iwe wazi". Trekta italima vizuri siku mbili, kisha mtalia. Ndani ya pampu ya injekta vyuma vinapishana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita, nyembamba sana kuliko unywele. Chembe ya kutu ikiingia hapo inakwaruza, na sasa kweli mtahitaji pampu mpya.

Tano, kama njia yote ya mafuta ni safi na nguvu bado hazipo, angalieni kisafisha hewa, maana vumbi la kulima hukiziba upesi. Mkimaliza hayo yote ndipo muite fundi wa pampu na nozeli. Hiyo si kazi ya kufungua chini ya mti.

TULIVYOSAFISHA TANGI

Tulitoa waya wa betri, tukamwaga dizeli yote ndani ya mitungi, tukafungua boliti na kushusha tangi. Kwenye tundu la kutokea mna chujio dogo la wavu, nalo tulilitoa. Lilikuwa limevikwa kutu kama koti.

Tulitia ndani kipande cha mnyororo safi na lita mbili za dizeli. Mnyororo ni bora kuliko kokoto au nati zilizo huru, kwa sababu hausahauliki ndani. Kama huna mnyororo, hesabu nati unazoingiza na uhesabu zinazotoka. Tukaziba matundu, tukalifunga tangi kwa gunia, na vijana wawili wakalitikisa na kuligeuza huku na huku. Tukamwaga kupitia kitambaa cheupe ili tuone. Mara ya kwanza yalitoka magamba makubwa kama maganda ya mahindi. Tulirudia hadi kitambaa kikabaki safi.

Kama kutu imeshika sana na tangi ni la chuma, liloweke kwa siki usiku kucha. Kisha mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, likaushe upesi juani. Likishakauka, papo hapo tia dizeli kidogo ulizungushe lote ndani. Chuma kilichosafishwa kikiachwa na unyevu kitaanza kutu siku hiyo hiyo, na kazi yako itakuwa bure.

Na tangi likiwa limetoboka? Hapa nawasihi wazazi na vijana, msilipeleke kuchomelewa. Mtu atasema dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Ni kweli ikiwa baridi. Lakini tangi likipashwa moto, mabaki ya mafuta ndani yanageuka mvuke, na mvuke huo uliofungiwa hulipuka. Kulisuuza kwa maji tu hakutoshi. Bei ya tangi lingine, hata la kuukuu lililo zima, haiwezi kulinganishwa na macho ya kijana wako.

Dizeli chafu msiimwage karibu na mto wala kisima. Sisi tuliiweka kwenye mtungi, ikatulia siku mbili, tukateka ile ya juu iliyo safi na kuitumia kusuuzia vyuma.

KUTOA HEWA

Ukifungua njia ya mafuta, hewa inaingia, na dizeli yenye hewa haiwashi injini. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani wameharibu. Jazeni tangi, mfungue koki. Legezeni skrubu iliyo juu ya filta kwa nusu mzunguko. Kama kuna pampu ya mkono, isukumeni. Yatatoka mapovu pamoja na mafuta. Yakitoka mafuta matupu, kazeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya injekta. Kisha jaribuni kuwasha, lakini msishike stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na mwipumzishe kabla ya kurudia.

Ikikataa, legezeni nati za paipu nyembamba za nozeli, moja baada ya nyingine, mtu mwingine akizungusha injini. Mafuta yakiruka, kazeni. Uso na mikono viwe mbali. Mafuta ya hapo yana nguvu ya kutoboa ngozi. Mtu akitobolewa, hata kama kidonda ni kama cha sindano, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kivimbe.

Yetu iliwaka mara ya tatu. Ikalima jioni hiyo bila kuzima hata mara moja. Gharama yote ilikuwa filta moja, paipu moja ya mpira na dizeli ya kusuuzia. Pampu ya injekta ilikuwa nzima, na mpaka leo ni ile ile.

MAJI YALITOKA WAPI?

Sasa nimefika mahali pagumu. Kutu haiji bila maji. Mzee akauliza, "Dizeli mnaiweka wapi?" Tukampeleka nyuma ya stoo.

Pipa letu la lita 200 lilikuwa limesimama nje, uani, bila paa. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya pipa ndani ya ukingo wake, yakafunika kifuniko. Mchana jua hupasha pipa na hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku kukiwa baridi, hewa inasinyaa na pipa linavuta. Linavuta nini? Maji yaliyo juu ya kifuniko, hata kama umekikaza. Hakuna aliyemwaga maji humo. Pipa liliyanywa lenyewe, usiku baada ya usiku.

La pili, trekta iliegeshwa ikiwa na mafuta robo tangi. Robo tatu ilikuwa hewa, na hewa ina unyevu. Usiku wa baridi wa upande wetu wa Mlima Elgon, unyevu ule uligeuka matone kwenye kuta za tangi, yakateremka chini ya dizeli. Miezi kadhaa ya namna hiyo, chuma kitafanya nini isipokuwa kuota kutu?

Na ni nani aliyeamua pipa likae nje ili stoo ibaki na nafasi ya magunia? Ni sisi kamati. Iko katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na sahihi yangu iko chini. Dereva alitaka kujaza tangi kabla ya kuegesha. Ni mimi niliyemkatalia, nikisema dizeli iliyolala ni pesa iliyolala.

Siku iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, mwenyekiti, katibu na mimi. Nilitangulia kusema, kwa sababu kitabu kilichomhukumu kilikuwa changu. Mama yake alitukaribisha chai, lakini kijana alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mngenipa chupa moja tu siku ile, ningewaonyesha." Tulimlipa mshahara wake, na katika mkutano tulisema mbele ya wote, tukiwemo wale wa mafuta ya taa, kwamba tulimkosea. Alirudi baada ya wiki mbili. Ekari zilizochelewa zilipata mavuno yaliyochelewa, hilo halikurudi.

TUNAYOFANYA SIKU HIZI

Pipa liko chini ya paa, limeinuliwa kwa mbao na kuinamishwa kidogo, ili maji yoyote yasituame kwenye kifuniko. Mwenye kulazimika kuliweka nje alilaze ubavu, vifuniko viwili vikae usawa mmoja, kulia na kushoto, vikifunikwa na mafuta kwa ndani.

Pipa likiletwa, tunaliacha litulie siku nzima kabla ya kuteka, na paipu ya kutekea haigusi chini. Tunaacha vidole vinne kwa ajili ya maji na uchafu. Hatuweki dizeli katika chombo cha mabati yaliyopakwa zinki, kwa sababu dizeli huila zinki na masizi yake huziba filta.

Tangi tunalijaza jioni kazi ikiisha, si asubuhi, ili usiku lisibaki na hewa nyingi. Kila Jumamosi dereva anamwaga glasi mbele ya mwanachama mmoja wa zamu. Filta tunabadilisha kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha trekta, ila ile ya kwanza baada ya kusafisha tangi tuliibadilisha mapema, kwa kuwa kutu kidogo hubaki pembeni.

Dizeli tunanunua mahali tunapojua na tunachukua risiti. Uchanganyaji wa mafuta ya taa umekuwepo kweli nchini. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma vya pampu kama dizeli. Lakini kuwepo kwa wezi si ushahidi kwamba mwizi ni dereva wako.

Na kitabu changu kimeongezwa mistari. Zamani niliandika lita na ekari tu. Sasa naandika pia saa, tarehe ya filta, maji yaliyoonekana kwenye glasi, na maneno ya dereva. Ndiyo, maneno yake. Akisema "leo imelegea mara mbili", naandika hivyo hivyo, hata kama siamini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa maji ya vidole viwili ndani ya chupa. Mkirudi nyumbani, kabla ya jambo lingine, mwageni glasi ya trekta yenu mwone kilichomo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine ya kikundi chenu, iwe trekta, kinu cha kusaga au pampu ya maji, filta yake ilibadilishwa lini? Nani anajua?

2. Dizeli yenu inawekwa wapi? Nendeni wote mkaangalie pipa leo, hasa kama mvua imenyesha.

3. Kitabu chenu kinaandika nini? Je, anayeiendesha mashine kila siku ana nafasi ya kuandika alichoona?

4. Mashine ikiharibika, kikundi chenu huuliza kwanza "nini kimetokea?" au "nani amefanya?"